Kuwafundisha Watoto Habari za Dunia na Anga kwa Vitabu vya Picha

Somo kwa walimu wa watoto na wazazi



Katika somo hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya vitabu vya picha vinavyoeleza habari za dunia, jua, mwezi na nyota, na namna ya kuvitumia pamoja na watoto wetu. Tutaanza na kosa tulilolifanya sisi wenyewe, maana ndilo lililotufundisha zaidi ya yote tuliyosoma.

Tulipata kitabu kimoja cha picha kutoka Ulaya, kizuri, cha rangi, chenye karatasi ngumu. Kilikuwa kimoja tu, na watoto walizidi arobaini. Katika ukurasa wa mwezi palikuwa na picha nane zikionyesha mwezi tangu unapoandama mpaka unapokwisha. Tukawaambia watoto wachore mwezi mchanga. Binti mmoja wa miaka kama tisa akauchora kama mtumbwi, ncha zake mbili zikitazama juu. Mmoja wetu akamwonyesha kitabu akasema, "Tazama, mwanangu, mwezi mchanga husimama wima hivi, mgongo wake upande wa kulia." Mtoto akatazama kitabu, akatazama karatasi yake, akachukua raba akafuta. Akachora upya kama ulivyo katika kitabu, nasi tukamsifu.

Jioni ile ile tulipotoka kanisani baada ya sala, mwezi ulikuwa upande wa Masasi, juu kidogo ya miti, umelala chali kama mtumbwi ufukoni. Tulisimama pale tukautazama, na hakuna aliyesema neno.

Jumapili iliyofuata tulimwita yule binti mbele ya wenzake tukamwambia kwamba picha yake ya kwanza ilikuwa sahihi, na ya kwamba tuliomfanya aifute ndio tuliokosea. Akajibu kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi nilijua wa kwetu umelala. Nilidhani ule wa kitabuni ndio wa kweli." Neno hilo limetukaa moyoni. Mtoto alikuwa na macho mazuri, na sisi tulimfundisha kutoyaamini.

Sasa tueleze jambo lenyewe. Upande wa mwezi unaong'aa ni ule unaoelekea jua. Jioni, jua likiwa limezama chini ya upeo wa magharibi, mwezi mchanga uko juu yake, kwa hiyo kwetu sisi tulio karibu na ikweta mwanga huangukia tumboni mwake, na ncha huelekea juu. Mara huinama kidogo kulia, mara kushoto, kwa kadiri ya majira ya mwaka. Mtu wa Uingereza amesimama mbali sana kaskazini, basi yeye huuona mwezi ule ule umegeuka, mgongo ukiwa kulia. Mtu wa kusini kabisa mwa Afrika huuona mgongo ukielekea kushoto. Wote watatu wanasema kweli. Ukitaka kuwaonyesha watoto, chukua chungwa, chomeka njiti mbili za kiberiti, moja karibu na kikonyo na nyingine karibu na kiuno cha chungwa. Watoto wataona mara moja kwamba "watu" hao wawili hawakusimama kwa mwelekeo mmoja, ingawa kila mmoja anadhani yeye ndiye aliyesimama wima.

Tangu siku ile tumejiwekea swali moja ambalo tunaliuliza kwa kila picha kabla ya kusoma hata neno moja lililo chini yake: Aliyetengeneza picha hii alisimama wapi? Mnaweza kushangaa jinsi swali hilo linavyofungua mambo. Watoto hulipenda, na baada ya wiki chache hulidai wenyewe kama mwalimu akilisahau.

Chukueni ile picha mashuhuri ya dunia nzima, ya buluu na nyeupe, ambayo imo katika vitabu vingi sana. Waliopiga walisimama wapi? Walikuwa ndani ya chombo Apollo 17, tarehe 7 Desemba 1972, umbali wa kilomita kama 29,000, wakiwa njiani kwenda mwezini. Ni safari ya mwisho ya wanadamu kuukanyaga mwezi katika miaka ile. Nasi tumo! Katika picha hiyo Bara Arabu liko juu, Afrika katikati, Madagaska pembeni, na pwani yetu ya mashariki yaonekana. Watoto wa Ndanda wakionyeshwa kwa ncha ya unyasi mahali tulipo, kelele hujaa darasani. Waacheni wapige kelele. Kisha waambieni jambo la pili: picha hiyo ilipopigwa, kusini ndiko kulikuwa juu. Waliochapisha waliigeuza ili watu wasisumbuke. Geuzeni kitabu juu chini, waulizeni watoto kama dunia imeharibika. Huko anga za mbali hakuna juu wala chini.

Na jambo la tatu, ambalo mwalimu asiyeangalia sana huliruka: ile barafu kubwa ya ncha ya kusini inang'aa katika picha. Ni Desemba, na mwezi wa Desemba ncha ya kusini ya dunia imeinamia jua. Kwa hiyo ukurasa huo unaweza kuwapeleka watoto moja kwa moja katika habari ya majira.

Hapo kwenye majira pana shimo ambalo walimu wengi tumetumbukia. Vitabu vya Ulaya huonyesha majira manne: mti wenye maua, mti wenye majani mabichi, mti wenye majani ya njano, na mti mtupu wenye theluji. Mtoto wa Newala afanye nini na mti huo? Mkorosho wake hauwi mtupu kamwe. Yeye anajua masika ya kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, anajua kipupwe cha Juni na Julai ambapo uwandani juu baridi huuma alfajiri, na anajua msimu wa korosho. Basi waacheni watoto watengeneze duara lao wenyewe la mwaka, waweke mkorosho wenye maua, mkorosho wenye mabibo, mvua ya kwanza, mtama au mahindi machanga, mavuno. Duara hilo libandikwe ukutani karibu na lile la kitabu, yatazamane.

Lakini shimo lenyewe ni hili. Watoto wengi, na watu wazima pia, hudhani kuna joto kwa sababu dunia imekaribia jua, na kuna baridi kwa sababu imekwenda mbali. Kwetu huku wazo hilo linaonekana kama kweli kabisa! Dunia hukaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kilomita kama milioni 147, na hufika mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita kama milioni 152. Nasi Januari tunatoka jasho na Julai tunavaa sweta. Mwalimu akiishia hapo, atakuwa ametoa sababu ya uongo kwa tarakimu za kweli. Mpelekeni mtoto kwenye ule mti wenye theluji, muulizeni: huko Ulaya theluji huanguka mwezi gani? Januari. Je, wao hawako juu ya dunia hii hii iliyokaribia jua? Hapo mtoto mwenyewe ataona kwamba sababu lazima iwe nyingine. Sababu ni kuinama kwa mhimili wa dunia: nusu ya mwaka kusini hupata jua la kuangaza kutoka juu zaidi na kwa saa nyingi zaidi, na nusu nyingine kaskazini.

Hili la jua la kutoka juu si lazima tuliamini kwa kusoma tu. Simamisheni mti ulionyooka wa mita moja mahali palipo wazi, mwupime kwa uzi wenye jiwe ili usiiname. Pimeni kivuli chake wakati wa adhuhuri, kinapokuwa kifupi kabisa. Hapa kwetu, karibu na tarehe 21 Juni, kivuli hicho huwa na urefu wa sentimita kama 67, nacho huelekea kusini, maana jua liko kaskazini yetu. Karibu na tarehe 21 Desemba ni sentimita kama 23 tu, nacho huelekea kaskazini. Na katikati yake ziko siku mbili kwa mwaka, karibu na 20 Februari na karibu na 20 Oktoba, siku moja au mbili huku au huku, ambazo mti hauna kivuli kabisa. Jua limesimama juu ya utosi. Angalieni saa vizuri, kwa sababu adhuhuri ya jua haiko saa 6 kamili kwetu: mwezi wa Februari ni kama saa 6 na dakika 40, na Oktoba ni kama saa 6 na dakika 10. Mwaka wa kwanza tulijaribu Februari saa 6 kamili, tukaona kivuli, tukadhani hesabu zetu mbovu, tukaenda kula. Laiti tungalingoja!

Tukio hilo halimo katika kitabu chochote cha picha tulicholetewa kutoka Ulaya, wala haliwezi kuwamo, kwa sababu huko jua halifiki utosini hata siku moja. Waambieni watoto hivyo. Mtoto hufurahi kujua kwamba nyumbani kwake kuna jambo ambalo wenye kitabu hawawezi kuliona kwao.

Picha nyingine yenye hatari ni ile ya sayari zote zimepangwa mstari mmoja, jua likiwa pembeni. Aliyechora alisimama wapi? Hakusimama mahali popote. Hakuna mahali ambapo mtu angeweza kuziona hivyo. Mchoraji alizileta karibu na kuzifanya ziwe na ukubwa wa kulingana ili zitoshe katika karatasi. Si kosa lake, karatasi ni ndogo. Lakini mtoto asiambiwe hivyo hudhani mwezi uko kama kutoka hapa mpaka Nangoo. Sisi hufanya hivi: dunia ni chungwa la upana wa sentimita 7. Mwezi ni korosho moja iliyobanguliwa, kama sentimita 2. Kabla ya kuendelea, mpeni mtoto mmoja korosho aende kusimama pale anapofikiri mwezi uko. Karibu wote huishika korosho kando ya chungwa, kama kitabuni. Mahali pake ni umbali wa machungwa thelathini, yaani mita mbili na zaidi kidogo. Na jua je? Jua ni tufe lenye upana wa mita 7 na nusu, kubwa kama nyumba, nalo liko mita kama 820 kutoka hapa. Tuliwahi kuwatembeza watoto mita hizo kwa kuhesabu hatua, wakafika wamechoka, na aliyeshika korosho alikuwa ameila.

Vitabu vya zamani vilivyomo makabatini mwetu husema sayari ni tisa. Tangu Agosti 2006 wataalamu wa nyota waliokutana mjini Prague waliamua kwamba Pluto ihesabiwe katika kundi la sayari kibete, kwa hiyo sasa tunasema nane. Msikitupe kitabu kwa sababu hiyo. Andikeni pembeni kwa penseli. Watoto wakubwa wapewe majina yetu ya Kiswahili, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, ambayo mabaharia wa pwani waliyatumia kabla darubini hazijafika huku. Zuhura wanaijua tayari, wengi wao huiita nyota ya asubuhi, ila hawajui kwamba ni sayari, wala kwamba nyota ile ya jioni ni hiyo hiyo.

Tukiwa katika majina, mzee mmoja wa mtaa wetu alikuja kulalamika kwamba tunawafundisha watoto nyota za Wazungu. Tulimwomba radhi tukamkaribisha. "Shikamoo babu," watoto wakasema, naye akaketi kwenye benchi la mbele akawaeleza habari za Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo zilizosongamana, ambacho jina lake limetokana na kulima. Kilimia kinapochomoza mashariki jioni mapema, mwezi wa Novemba, mwenye shamba ambaye hajafyeka amechelewa. Tulifungua kitabu tukamwonyesha picha ya nyota hizo hizo, zimepigwa kwa darubini, ziko mamia na zimezungukwa na ukungu wa buluu. Akaishika picha karibu na uso, maana macho yake hayana nguvu sasa, akasema, "Wajukuu zangu, mimi nilihesabu sita tu." Nasi tunafikiri hakuna mwalimu aliyefundisha vizuri zaidi yake mwaka ule.

Sasa tuje kwenye ardhi tunayoikanyaga. Hapa tunacho kitabu cha kwetu. Mwaka 1998 kilitolewa Dar es Salaam kitabu kwa Kiswahili, chenye picha, kiitwacho Dinosaria wa Tendaguru, kilichoandikwa na Cassian Magori na Charles Saanane kwa ajili ya vijana. Tendaguru ni kilima katika Mkoa wa Lindi, kaskazini yetu, ng'ambo ya bonde la Lukuledi. Kwa hiyo mtoto wa Ndanda akifungua kitabu hicho anasoma habari za majirani zake, ingawa majirani hao waliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Mwalimu mwenye bahati ya kukipata akitunze, akifunike kwa karatasi ya kaki, na asikiazime ovyo.

Kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya wanyama hao. Kazi ya jembe na ya kubeba ilifanywa na mamia ya watu wa huku, na msimamizi wao hodari aliitwa Boheti bin Amrani. Mizigo ilibebwa kwa miguu mpaka Lindi, safari ya siku kadhaa, kisha kwa meli mpaka Ujerumani, jumla yake tani zaidi ya 200. Mnyama mkubwa kuliko wote amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin tangu 1937, kimo chake ni mita 13 na sentimita 27. Mnazi mrefu, basi! Mwaka 2007 aina nyingine ya dinosaria iliyotoka Tendaguru ilipewa jina la Boheti, ili akumbukwe.

Watoto huuliza, "Kwa nini mifupa yetu iko kwao?" Msiwakwepe. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa Wajerumani, vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu na njaa ilikuwa imeua wengi, na waliobeba hawakuulizwa kama mzigo uende au ubaki. Mtoto wa miaka kumi anaelewa maneno hayo vizuri kabisa.

Halafu ulizeni swali letu: mchoraji wa dinosaria alisimama wapi? Hakuna mtu aliyewaona. Amechora kwa kufuata mifupa, na rangi ya ngozi ameikisia. Vitabu vya zamani huonyesha mkia ukiburuta chini na miguu ya mbele imepinda nje kidogo. Mifupa ya Berlin iliposimamishwa upya mwaka 2007, miguu ilinyooshwa na mkia ukainuliwa, kwa sababu wataalamu walikuwa wamefahamu zaidi. Ukiwa na picha mbili, ya zamani na mpya, ziweke pamoja, uwaache watoto watafute tofauti. Watazipata kabla yako.

Miaka milioni 150 ni neno tupu kwa mtoto. Sisi huwapeleka barabarani na kusema kila hatua kubwa ya mita moja ni miaka milioni moja. Tangu Bwana wetu azaliwe ni milimita mbili. Dinosaria wa Tendaguru ni hatua 150. Mawe ya vilima vya Masasi, ile milima mitupu inayosimama peke yake kama visiwa, yapita hatua 500. Na umri wa dunia yenyewe ni kilomita nne na nusu, safari ambayo hatukuimaliza, maana jua lilikuwa kali. Vilima hivyo vina sifa kubwa duniani kuliko tunavyofikiri: Mjerumani mmoja mpima mawe, Wilhelm Bornhardt, aliyepita huku mwishoni mwa karne ya 19, aliipa milima ya namna hiyo jina la "milima-visiwa" katika kitabu chake cha mwaka 1900, na mpaka leo wanafunzi wa jiografia dunia nzima hulitumia jina hilo kwa Kijerumani chake. Watoto wetu huichezea kila siku.

Mzazi mmoja alituuliza kama hesabu hiyo ya mamilioni haipingani na siku sita za kitabu cha Mwanzo. Tulimpeleka kwa Padre, nao walizungumza muda mrefu chini ya mwembe. Tunalojua ni kwamba mtoto wake aliendelea kuja. Kanisa letu halijawahi kumtaka mtu achague kati ya Mwanzo na mawe ya Masasi, na mwalimu wa watoto asijitwike mzigo huo mbele ya darasa.

Somo la maji tutalipita kwa haraka, ingawa ndilo linalogusa maisha zaidi. Kitabu huonyesha mlima wa theluji, mto, bahari, wingu, mvua. Uwanda wa Makonde hauna theluji wala mito juu yake. Mvua huangukia mchanga na miamba laini, hunywewa yote, hushuka chini kwa chini, na kutoka kama chemchemi chini ya mteremko, kama hizi zetu za Ndanda. Ndiyo sababu mama zetu wa juu walishuka na kupanda mteremko kwa ndoo kichwani vizazi na vizazi. Tobolea chupa ya plastiki matundu chini, jaza mchanga, mwaga maji juu, hesabuni pamoja mpaka tone la kwanza lidondoke. Watoto wa Newala waliokwisha kusimama Shimo la Mungu na kutazama bonde la Ruvuma chini yao waulizwe udongo wote uliojaza shimo lile ulikwenda wapi. Msiwape jibu siku hiyo hiyo.

Yafaa tuseme neno la hadhari juu ya jua. Vitabu vingine huwahimiza watoto kutazama jua likipatwa kwa kioo kilichofukizwa moshi au filamu ya eksirei. Msikubali kamwe, macho huungua bila maumivu. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa likabaki kama pete, na kilele cha kupatwa huko kilikuwa huku huku kusini kwetu, kati ya Tunduru na Masasi, saa 6 na dakika chache mchana. Watu walisafiri kutoka mbali kuja Tanzania kuliona. Na sisi? Watoto wengi wa mtaa wetu walifungiwa ndani kwa hofu, madirisha yamezibwa kwa kanga. Hatuwalaumu wazazi, maana hakuna aliyewaeleza, na kazi hiyo ya kueleza ilikuwa yetu. Waliokuwa nje chini ya mikorosho waliona mchangani vijua vidogo vingi vyenye umbo la hilali, kwa sababu kila nafasi ndogo kati ya majani hufanya kazi ya tundu la sindano. Hiyo ndiyo njia salama: geuza mgongo kwa jua, tazama mchanga. Jua litapatwa tena kama pete katika sehemu za Tanzania tarehe 21 Mei 2031. Watoto walio darasa la kwanza leo watakuwa wakubwa wa kutosha kuwatoa wadogo zao nje.

Mwisho tuseme tunavyofanya kwa kuwa kitabu ni kimoja. Watoto huketi kumi kumi katika nusu duara, wafupi mbele. Maneno hufunikwa kwa karatasi. Dakika tano za kwanza mwalimu hasemi ila "Mnaona nini?" na "Nani ameona kingine?" Kisha swali la mchoraji. Kisha tunatoka nje kutazama kitu chenyewe, kama kinaonekana. Ndipo tunarudi kusoma maneno. Wale wanaongoja zamu huchora.

Na wanachochora ni kitabu chao. Katika Kwaresima tulianza siku mwezi ulipoandama, ili mwezi mpevu utuongoze kwenye Pasaka, maana Pasaka huwekwa Jumapili baada ya mwezi mpevu ufuatao tarehe 21 Machi au siku hiyo hiyo. Kila usiku ulikuwa na mtoto wake, na kila mtoto karatasi moja: auchore mwezi kama alivyouona, aandike saa, aandike alisimama wapi. "Mbele ya jiko la bibi." "Njia panda ya kisimani." Usiku wa mawingu aliandika mawingu. Yule binti aliyefuta picha yake tulimpa usiku wa kwanza. Mwishoni kulikuwa na karatasi mbili ambazo hazikuwa na kitu, kwa sababu mwezi haukuonekana, na mmoja wetu alitaka kuziondoa kabla ya kushona. Watoto walikataa. Wenye usiku huo walisema walikesha kuutafuta, kwa hiyo ni kurasa zao. Zimeshonwa humo pamoja na nyingine, na kitabu kiko katika kabati la vitabu vya sala.

Mti wa kivuli tutausimamisha tena uwanjani pa kanisa tarehe 20 Oktoba. Walimu wa mitaa jirani wanaopenda kuja wanakaribishwa, wafike kabla ya saa 6, waje na watoto wao, na kila mtoto achukue kofia na maji ya kunywa.